Dakika mbili za kwanza za filamu fupi, tunapiga Mwanza: nipange vipi?

Binti_wa_Mawe

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada wa kupanga mwanzo wa filamu fupi ya chuo. Filamu nzima ni dakika 12, mwanzo nimeutengea dakika 2. Tupo watano: mimi naongoza, kuna kameramani, mtu wa sauti, msaidizi mmoja na mwigizaji mkuu ambaye hajawahi kuigiza.

Hadithi ni ya Neema, miaka 17, anaishi na bibi yake mlimani Igogo. Kila alfajiri anakwenda soko la Mwaloni Kirumba kununua dagaa wabichi, anawaanika, anauza. Siku filamu inapoanza, hela ya mtaji haimo kwenye kopo ilimowekwa.

Nilivyoandika mpaka sasa: droni inapita juu ya Jiwe la Bismarck, ule mwamba uliosimama ziwani, jua linachomoza ziwani. Alamu ya simu inalia, Neema anaamka, anapiga mswaki, anavaa. Sauti yake inasimulia yeye ni nani na wazazi walikwenda wapi. Anashuka mlima, anafika mwaloni, jina la filamu linatokea na muziki unapanda.

Vifaa: kamera ya chuo aina ya Canon yenye lenzi ya 18-55, simu mbili za Android (moja inapiga 4K), stendi moja, maiki moja ya waya ya kubana kwenye nguo. Bajeti 150,000, na tuna alfajiri mbili tu. Mwalimu kasema mwanzo "hauna mshiko", akaishia hapo.

KalamuNaKioo

Dada, kabla ya yote: ukiwa Mwanza mjini, jua halichomozi ziwani. Mji umekaa ukingo wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, maji yako magharibi. Asubuhi jua linatokea nyuma ya vilima, mgongoni mwa anayetazama Bismarck. Zile picha za jiwe na jua la dhahabu nyuma yake ni za jioni. Ukitaka jua lichomoze juu ya maji, kamera lazima iwe ng'ambo, upande wa Kamanga, itazame mashariki. Hapo utapata maji, vilima vya mji, halafu jua. Maana yake ni kulala ng'ambo na vifaa, kwa shoti moja.

Na shoti yenyewe inatuambia nini kuhusu Neema? Tukio linaloianzisha filamu yako ni moja tu: kopo halina hela. Kwa mpango wako wa sasa mtazamaji analifikia baada ya dakika mbili za mtu anayepiga mswaki. Nadhani mwalimu alimaanisha hivyo. Kuamka, kunawa na kuvaa ni mambo anayofanya kila mtu, kwa hiyo hayamtofautishi Neema na yeyote. Kopo tupu likifunguliwa sekunde ya 25, tayari pana maswali: nani kachukua, na leo atanunua kwa hela gani?

Msimulizi mwondoe kabisa. Kama wazazi hawapo, chumba kiseme: kitanda kimoja wanacholala wawili, vikombe viwili juu ya ndoo. Mtazamaji atajumlisha mwenyewe.

Ningeupanga hivi. Giza tupu kwa sekunde kama 10, tunasikia tu: bibi anahema, mkono unapapasa chini ya kitanda, bati linakwaruza sakafu. Kisha taa ndogo ya sola inawashwa. Tunaona mikono na kopo, bado si uso. Kifuniko kinafunguka. Mikono inatulia. Sasa ndipo tunauona uso. Anamtazama bibi aliyelala, halafu anatazama doti ya kanga mpya, bado imekunjwa kama ilivyotoka dukani, iko juu ya begi. Kata. Nje, anashuka mlima na kanga imebanwa kwapani. Jina la filamu.

Hapo umempa mtazamaji maswali mawili, na Neema amefanya jambo ambalo bibi atakuja kuliuliza. Hakuna neno hata moja lililosemwa, na kwa mwigizaji mgeni hiyo ni nafuu kubwa: mikono haisahau mistari.

Mtu_wa_Mwalo

Kirumba pale ni soko la jumla. Dagaa wengi wanafika wakiwa wameshakauka, kwenye magunia, kutoka visiwani na mialo mingine. Ukimwonyesha Neema ananunua wabichi pale alfajiri, watu wa huku watacheka. Tafuta mwalo mdogo mitumbwi inaposhusha na watu wanaanika palepale. Upande wa Ilemela, Igombe kwa mfano. Kelele za malori ni chache na uongozi unafikika.

Jambo la pili ndilo litakaloua ratiba yenu msipolijua: mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga umetawanyika kila mahali, taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika. Mkifika siku hizo mtakuta mitumbwi imepandishwa mchangani na nyavu zimeanikwa. Fungueni kalenda ya mwezi kwenye simu, tafuteni mwezi mwandamo, mpange alfajiri zenu ndani ya siku nne au tano kabla au baada yake. Faida nyingine: katika giza hilo taa za wavuvi zinaonekana zimejipanga ziwani kama mji mwingine. Hiyo shoti haina gharama, na inampita droni.

Kuhusu ruhusa, msije mkafika na kamera tu. Kila mwalo una uongozi wake, BMU (kikundi cha usimamizi wa mwalo). Nendeni siku mbili au tatu kabla, mchana, na barua ya chuo, mwonane na mwenyekiti. Elezeni mtakaa wapi, saa ngapi, watu wangapi. Kamera isikae kwenye njia ya wabebaji. Mtu mwenye ndoo ya kilo 20 kichwani hasimami kwa sababu umesema "ekshen". Serikali ya mtaa wa Igogo nao wapewe taarifa. Upande wa vibali vya filamu, anzieni kwa Afisa Utamaduni wa halmashauri, atawaelekeza utaratibu wa Bodi ya Filamu. Bandari, vivuko na uwanja wa ndege msivielekezee kamera.

Mkipanda mtumbwi, kila mtu na jaketi okozi, hata kama ni mita 20 kutoka ufukweni. Kamera ifungwe kamba mkononi.

FundiSauti

Hilo wazo la kuanza gizani kwa sauti ni zuri, ila litawaumbua kama sauti ni mbovu, kwa sababu sekunde 10 za kwanza mtazamaji hana kingine cha kushika.

Maiki yenu ya waya: tazama ncha ya pini yake. Yenye pete tatu nyeusi ni ya simu. Yenye pete mbili ni ya kamera au kinasa sauti. Ukichomeka ya kamera kwenye simu bila adapta, simu haiitambui, inaendelea kurekodi kwa maiki yake yenyewe na hamtajua mpaka siku ya kuediti. Njia ya kuhakikisha: anza kurekodi, kwaruza kichwa cha maiki kwa kucha, sikiliza kwa hedfoni. Kwaruzo lisiposikika kwa nguvu, maiki haifanyi kazi.

Tumieni simu ya pili kama kinasa. Iwekeni kwenye hali ya ndege, programu iwe WAV, 48 kHz, kilele cha sauti kicheze karibu na -12 dB. Mwanzoni mwa kila shoti piga kofi moja mbele ya kamera. Ndilo litakalowaunganishia picha na sauti.

Kwa ile sehemu ya giza, msitegemee sauti mtakayoipata wakati wa kupiga picha. Irekodini peke yake, mchana, maiki ikiwa sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye kitu. Kopo likwaruzwe kwenye saruji mara sita, kifuniko kifunguliwe mara sita, taratibu kwa haraka. Makopo ya maziwa ya unga yana mlio mzuri. Ya plastiki hayana mlio kabisa. Pumzi za bibi, dakika moja nzima. Halafu sauti ya mahali, sekunde 60, kila mtu kimya, kwa kila eneo: chumbani, kwenye ngazi za mawe, mwaloni. Bila hiyo mkikata katikati ya shoti mtasikia shimo.

Mwaloni adui ni upepo. Alfajiri ziwa huwa shwari kiasi. Jua likishapanda, upepo unaanza kutoka ziwani kuja nchi kavu, na mchana unanguruma ndani ya maiki. Maliza sauti zote za nje kabla ya saa 3 asubuhi. Kofia ya maiki yenye manyoya kama hamna, kata kipande cha kitambaa chenye manyoya kutoka mdoli wa mtumba, kizungushie juu ya sponji. Sponji peke yake haitoshi.

Lenzi_Kuu

Nianze na hesabu, maana hapa ndipo miradi mingi ya chuo inapofia.

Mwanza jua linachomoza kati ya saa 12:25 na saa 1 kasoro dakika chache, kutegemea mwezi wa mwaka. Linawahi Novemba, linachelewa Februari na Julai. Tupo karibu na ikweta, jua linapanda wima, kwa hiyo mapambazuko ni mafupi: kama dakika 20 tu. Mwanga unaofaa kwa kamera yenu unaanza robo saa kabla ya jua na unaendelea kuwa laini mpaka nusu saa baada ya hapo. Jumla dakika 45. Kuhamisha stendi, kupanga fremu, kufanya jaribio na kupiga mara mbili au tatu ni dakika 10 kama watu hawabishani. Kwa hiyo alfajiri moja ina shoti nne. Mna alfajiri mbili: nane kwa bahati, sita kwa uhakika.

Mwanzo wa sekunde 110 wenye shoti za wastani wa sekunde 7 una shoti 15 au 16. Mkiziweka zote alfajiri mmekwama. Za chumbani, ambazo ni zaidi ya nusu, zipigwe mchana: ziba dirisha kwa blanketi nje na ndani, ziba na upenyo wa mlango, mtakuwa na usiku wa saa sita. Zilizobaki, yaani kushuka mlima na mwalo, ndizo za alfajiri. Na msigawe eneo moja kwa siku mbili. Siku ya kwanza mawingu, ya pili jua kali, na mbele ya edita Neema atakuwa anashuka ngazi moja katika hali mbili za hewa.

Mlima wenyewe unawasaidia. Mteremko unaotazama ziwa unabaki kivulini hata baada ya jua kutoka, kwa sababu mlima umelikinga. Hapo mtapata mwanga laini kwa muda mrefu kuliko mwaloni. Kosa litakalowajaribu ni kuweka kamera juu na kutazama ziwa chini: Neema kivulini, maji nyuma yake yanang'aa, uso unakuwa mweusi usio na macho. Shukeni chini, kamera itazame juu, nyuma yake kuwe na miamba. Granaiti ile ya kijivu haimzidi mtu kwa mwanga, na ngozi nyeusi inaonekana vizuri mbele yake.

Mipangilio: fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50. Msitumie 24 wala 30. Umeme wetu ni hezi 50; kwa 1/50 au 1/100 taa hazitapiga mistari. Taa ndogo ya sola ni kesi nyingine, maana nyingi hupunguza mwanga kwa kuzima na kuwaka haraka sana. Ijaribuni kabla, ikiwa na mistari iwashwe kwa mwanga wake wa juu kabisa, kisha ifunikwe na karatasi nyeupe kupunguza ukali. Mkishindwa, tafuteni nyingine.

Rangi (white balance) ifungwe, isiachiwe kamera ijichagulie. Ndani, kwa taa ya njano, 3200K. Nje kabla ya jua, weka kama 4300K, alfajiri itabaki na ubaridi wake wa bluu. Ukiacha otomatiki, kamera itaifanya kijivu na katikati ya shoti itabadilika. Kwenye simu, fungeni fokasi na mwanga. Open Camera ni ya bure, na Blackmagic Camera pia kama simu inaikubali. Memori: 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula megabaiti 750 kila dakika, kadi ya GB 64 inaisha kwa takriban saa moja na dakika 25. Kama kompyuta yenu ni ya kubembeleza, pigeni 1080p. Mwalimu hatatoa maksi kwa pikseli.

Droni isahau. Inahitaji kusajiliwa na kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na uwanja wa ndege uko Ilemela hukohuko mnakokwenda.

Binti_wa_Mawe

Asanteni sana, hasa hesabu ya shoti nne. Nilikuwa nimepanga 11 kwa asubuhi moja. Maswali mawili. Shoti moja pana ya ziwa na jua bado naitamani. Je, nikipiga machweo jioni pale Bismarck halafu nikaigeuza irudi nyuma, itaonekana kama macheo? Na la pili: wimbo. Kuna wimbo wa Bongo Fleva unaofaa kabisa.

Lenzi_Kuu

Inawezekana, na wala usiigeuze. Ukigeuza, mawimbi yatarudi ziwani na ndege wataruka kinyumenyume. Jua linachukua kama dakika mbili kusogea kwa upana wake lenyewe. Katika shoti ya sekunde 4 haligeuki hata kidogo, kwa hiyo hakuna atakayejua linapanda au linashuka. Hakikisha tu hakuna watu wanaopiga picha za jioni ndani ya fremu.

Mtu_wa_Mwalo

Mtu wa Dodoma hatajua. Mtu wa Mwanza atajua kabla shoti haijaisha, maana Bismarck na jua nyuma yake kaiona jioni maisha yake yote. Filamu itaonyeshwa wapi kwanza? Chuoni, Mwanza. Mimi ningetumia taa za wavuvi gizani.

Lenzi_Kuu

Sibishi. Basi kwa taa hizo: stendi, lenzi 18mm, ISO (wepesi wa kamera kwa mwanga) 1600 hadi 3200, uwazi wa lenzi uwe mkubwa kuliko wote, shata ibaki 1/50. Anza dakika 35 au 30 kabla ya jua, anga likiwa limeanza ubluu. Usiku kabisa mtapata nukta nyeupe kwenye weusi na chembechembe. Fokasi ya mkono kwenye taa ya mbali, kwa kukuza picha kwenye kioo cha kamera. Iacheni irekodi dakika mbili bila kuigusa.

Edita_Saa_Nane

Wimbo unahitaji ridhaa ya mtunzi na ya mwenye rekodi, yote mawili, na kwenye masuala haya ofisi ya kuuliza ni COSOTA, wanaosimamia hakimiliki. Kwa dakika mbili za filamu ya darasani, haifai usumbufu. Na baada ya giza lile la FundiSauti, muziki utafuta kila mlichojenga. Acheni mngurumo wa injini ya mtumbwi ndio upande chini ya jina la filamu, uanze sekunde mbili kabla hatujauona mwalo.

Jina: lipangieni nafasi wakati wa kupiga. Kwenye shoti ya ngazi, mwamba ukae theluthi ya kushoto ya fremu bila mtu. Herufi nyeupe zikae juu ya jiwe hilo. Mkiziweka angani asubuhi zitamezwa. Likae kwa muda wa kulisoma kwa sauti mara mbili, taratibu, na lisisogee pembeni kupita asilimia 90 ya fremu. Majina ya waigizaji na wahusika wengine yote mwishoni.

Klipu za simu: simu nyingi haziweki fremu 25 kamili, zinapunguza na kuongeza zenyewe, na baada ya dakika kadhaa sauti iliyorekodiwa pembeni inaachana na midomo. Pitisha kila klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadili video, chagua idadi ya fremu isiyobadilika, 25, ndipo uingize kwenye programu ya kuediti, DaVinci Resolve. Ile ya bure inawatosha.

Na kabla hamjapiga chochote, chora fremu zote 15 kwa penseli, hata kama ni watu wa vijiti, zipige picha kwa simu, zipange kwenye taimulaini kwa urefu mliokusudia, weka sauti za kopo. Ni kazi ya jioni moja. Utaona palepale shoti ipi ni ndefu. Kwa macho yangu, kumtazama bibi na kutazama kanga zitabishana, mojawapo itafupishwa.

Binti_wa_Mawe

Nimechora. Chumbani shoti 9, mchana wa Jumamosi, dirisha limezibwa. Alfajiri ya kwanza Igogo: shoti ya 10, kamera chini inatazama ngazi na miamba, 11, miguu, 12, kanga kwapani, karibu, 13, pana, mwamba kushoto, jina. Alfajiri ya pili Igombe: 14, taa za wavuvi gizani, 15, mtumbwi unagusa mchanga, wabebaji wanaingia majini, 16, Neema amesimama anatazama ziwa, jua la kwanza linampiga usoni. Tarehe nimeziweka siku mbili baada ya mwezi mwandamo. Fedha: usafiri 60,000, chakula 40,000, mwalo 30,000, akiba 20,000.

KalamuNaKioo

Safi, isipokuwa 16. Akitazama ziwa pale asubuhi, jua liko kisogoni. Litamulika ukingo wa kanga na mabega, uso utakuwa kivulini. Mwache hivyohivyo, ni nzuri zaidi. Msaidizi asimame hatua mbili mbele yake, nje ya fremu, na shuka jeupe lililotandazwa kwenye boksi, alirudishe jua usoni kutoka usawa wa kifua. Asilishushe chini ya hapo, macho yatapata kivuli cha kutisha.